"Jo" Iliyomng'oa Kocha Salongo

Kama wiki iliyopita hukupata gazeti, usijali, hukukosa kitu cha kupendeza. Mimi ni Josiah Wambura, mtoto wa Musoma. Masomo ndiyo yaliyonileta Stockholm, Mtanzania mwenzangu akanitoa chumbani kule Tensta baridi ikiwa imeshaingia, na aliyeniokota ni kocha wa timu yetu ya chuo, Mganda anayeitwa Ignatius. Sisi tunamwita Salongo, kwa sababu ni baba wa mapacha, na Waganda hawalitupi jina hilo hovyo.

Nalala sebuleni kwake Hagsätra. Nakula kwake. Soksi zangu zinafuliwa pamoja na za watoto wake.

Na timu yake, ambayo mimi ndiye nahodha, inataka afukuzwe.

Tuliishia pale kituo cha treni. Tulikuwa tumefungwa na timu ya chuo cha wachungaji. Wachungaji, jamani! Vijana wembamba, weupe kama maziwa, kila wakitupachika bao wanatugeukia na kutuomba radhi. Walituomba radhi mpaka nikataka kulia.

Baada ya mechi Salongo akatuchukua wote kwake, kama afanyavyo kila tukifungwa, maana yake kila wiki. Mkewe, Mama Eseza, akatupikia viazi na mchuzi wa karanga. Wakala. Wakaongezwa. Wakaongezwa tena. Nikawasindikiza kituoni, maana mgeni hatoki mlangoni peke yake kama mbwa, na pale jukwaani, treni haijafika, Bethuel akageuka.

Bethuel ni Mkenya, kiungo wetu, msemaji sana. Akasema, "Wacha niwaambie ukweli, huyu mzee ametuchosha. Nani anataka aende?"

Mikono ikainuka. Mmoja aliinua mkono huku anaramba mchuzi wa Mama Eseza kwenye kidole gumba. Nilimtazama ulimi wake ukizunguka kile kidole.

"Na wewe, Kapteni?" akauliza Bethuel.

Nikasema, "Mimi ni nahodha, nasikiliza wote."

Ptuu! Jibu gani hilo? Hata mimi lilinichefua.

Sasa nikwambieni jambo ambalo wiki jana niliwaficha. Salongo hajui kufundisha mpira.

Ndiyo, nimesema. Zamani alikuwa winga wa timu ya jeshi kwao, na nasikia alikuwa mkali kwelikweli, kabla hajavunjika goti na kuikimbia nchi. Lakini mpira anaoufundisha ni ule wa enzi zake. Piga mbele, kimbia. Ukipotea, piga tena mbele, kimbia tena. Tukikosea anaturusha kichura kwenye theluji. Kabla ya mechi anatunywesha uji mzito wa moto, eti nguvu, na siku ile ya wachungaji kipa wetu aliutapika wote kwenye mstari wa goli, mpira ukapita hapohapo katikati ya matapishi yake. Bao. Mchungaji mmoja akaja kumpangusa mdomo kwa leso.

Nilisimama pale katikati ya uwanja nikasema moyoni: mtu huyu aende zake. Nilisema hivyo. Mimi, ninayelala kwenye kochi lake.

Niliporudi kutoka kituoni Mama Eseza alikuwa anasubiri jikoni, mikono ndani ya povu.

"Wanasema nini?" akaniuliza.

"Wanasema chakula kilikuwa kitamu, Mama."

"Josiah. Sikuzaa mapacha leo. Wanasema nini?"

Akajifuta mikono, akasogea karibu ili Salongo asisikie kutoka chumbani.

"Mume wangu anasafisha sakafu za hospitali. Kule kila mtu anamwita 'wewe'. Wewe njoo, wewe pale pamemwagika. Pale kwenu tu ndipo anaitwa Kocha. Akivaa ile filimbi anatembea kama mtu. Usikubali wamvue, mwanangu."

"Sitakubali, Mama."

"Niapie."

Nikaapa. Kwa jina la mama yangu aliye Musoma, nikaapa.

* * *

Mkutano ukaitwa chuoni. Waswidi hawakufukuzi hivihivi, kwanza wanakunywesha kahawa. Tulikaa kuzunguka meza ndefu, mishumaa inawaka mchana kweupe, sahani ya mikate ya mdalasini inapita, na mkuu wa chuo, mama mmoja mpole anayeitwa Gunvor, anatutabasamia kama tumekuja kwenye ubatizo.

Salongo alikaa mwisho wa meza. Amevaa suti. Amevaa na filimbi juu ya tai.

Wakaanza kusema mmoja mmoja, kwa Kiswidi laini, kile cha shuleni. Sikukipata chote, lakini neno moja nililipata kila mara: lakini. Tunamheshimu sana Kocha, lakini. Kocha ni kama mzazi wetu, lakini. Yule ambaye Salongo alimpokea uwanja wa ndege, akavua koti lake mwenyewe akamvisha, naye alikuwa na lakini yake. Mwingine alisema "lakini" mdomo umejaa mkate.

Nilitazama midomo ile ikitafuna nikaona kinyaa ambacho sijawahi kukionea hata choo cha stendi.

Bethuel akamalizia. Alieleza kuwa pale Farsta kuna kocha Mswidi, kijana, ana cheti, yuko tayari kuanza. Salongo alikuwa anatazama kikombe chake tu.

Halafu Mama Gunvor akanigeukia.

"Na wewe, Josiah? Nahodha hajasema kitu. Hutaki kubadilisha kocha?"

Hilo nililielewa lote, neno kwa neno. Hutaki kubadilisha kocha? Moyo ukaruka. Mungu ananipenda, nikasema, swali lenyewe limekuja limeshatafunwa! Kazi yangu ni kulikubali tu.

Hapa lazima nieleze Kiswidi changu nilikiokota wapi. Nilikiokota kwenye karai. Nilikuwa naosha vyombo mahali fulani mjini pamoja na mzee mmoja wa kutoka kaskazini ya mbali, kule jua linakozama mchana. Mzee yule hakuwa msemaji. Ukimuuliza kama vyombo vimekwisha, "jo." Nje kuna baridi? "Jo." Utakunywa kahawa? "Jo." Shuleni walikuwa wametufundisha "ja", lakini nikaona hiyo ni ndiyo ya watoto. Ndiyo ya wanaume ni "jo". Nikaichukua, nikaipenda, nikawa naitumia kila mahali na hakuna aliyenicheka.

Basi. Hutaki kubadilisha kocha? Mtu wa Musoma akiulizwa hivyo na kweli hataki, anajibu nini? Anajibu ndiyo. Ndiyo, sitaki. Mama yangu ananiuliza, "Josiah, hujala?" nami namjibu, "Ndiyo mama, sijala," naye ananipakulia.

Nikasimama kabisa. Nikaipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka.

"Jo!" nikasema. Nikaona haitoshi. "Jo, jo!"

Bethuel alikuwa ameachia mdomo wazi, na mimi nikafurahi, nikasema moyoni, imeze hiyo, Mkenya. Nikamgeukia Salongo, nikamkonyeza.

Salongo alinitazama. Halafu akainuka, akaivua filimbi, ikamkwama kwenye sikio, akaitoa polepole, akaja akaiweka mbele ya kikombe changu.

"Asante, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Umesema wazi."

"Nilikuahidi, Kocha," nikamjibu.

Nilimjibu hivyo, jamani! Kwa meno yote nje!

Akatoka. Nikadhani anakwenda kuvaa koti, au machozi ya furaha yamemzidi hataki watoto wamwone. Filimbi nikadhani kanipa nimshikie. Mama Gunvor akasema maneno mengi ya harakaharaka, nikasikia jina langu, nikasikia Jumamosi, nikaitikia kwa kichwa.

Kwenye ukumbi wa nje Bethuel akanikamata mkono akautikisa.

"Kapteni, nakupa heshima. Sisi tulikuwa tunazungukazunguka, wewe umekata."

"Bethuel, si ukubali tu."

"Nimekubali, bana! Nimekubali kabisa! Sikujua uko na roho ngumu namna hiyo. Na vile unalala kwake!"

"Ndiyo sababu yenyewe," nikamwambia. "Nalala kwake."

Akanitazama kwa namna fulani, akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye suruali. Hata Bethuel. Nikadhani ni uchungu wa kushindwa, nikaenda zangu napiga mluzi.

* * *

Nilipita Farsta nikanunua keki. Ile ya kijani ya Waswidi, ya sherehe, yenye waridi la sukari juu. Muuzaji akaniuliza iandikwe nini. Nikamtajia herufi moja moja, naye akaandika kwa chokoleti, kwa mwandiko mzuri: HONGERA KOCHA.

Mikono yote miwili imebeba keki. Filimbi nitaiweka wapi? Nikaivaa shingoni.

Ndivyo nilivyopanda treni mpaka Hagsätra, na ndivyo nilivyosimama mlangoni kwa Salongo. Mama Eseza akafungua. Nikamsalimu, nikaweka keki juu ya kabati la viatu, nikainama kuvua viatu, maana nyumba za huku huingii na viatu. Nikavua cha kwanza.

"Hicho nini?" akauliza.

"Fungua uone, Mama!"

Akafungua boksi. Akasoma. Akaitazama filimbi shingoni mwangu, akairudia keki, akanitazama tena shingoni.

"Hongera kocha," akasoma kwa sauti. "Kocha ni nani, Josiah?"

"Si unajua, Mama! Nani mwingine?"

"Banange," akasema taratibu, akaweka mkono kifuani. "Banange, huyu mtoto. Umemng'oa mume wangu, halafu umekuja kujisherehekea nyumbani kwake? Na keki umejinunulia?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani, kwa sababu Mama Eseza ana utani mwingi. Lakini hakuwa anacheka. Alinitazama kama mtu aliyekuta kitu ndani ya chakula. Nyuma yake nilimwona Salongo amekaa meza ya jikoni, bado na suti, ametupa mgongo. Kando yake jezi zetu ziko kwenye beseni. Alikuwa anazisugua moja moja kwa mikono, zile za mechi ya wachungaji, zenye matope na uji.

"Mama, mimi nilimtetea! Nilipiga na meza!"

"Ulipiga meza kweli. Amenieleza."

Hapo ndipo mapacha walipokuja mbio kwa ajili ya keki, Babirye mbele, Nakato nyuma. Babirye akanyoosha kidole kwenye waridi la sukari.

"We!" mama yake akamkemea, kwa mazoea tu, macho bado yako kwangu. "Hukunawa mikono?"

"Jo!" akajibu Babirye.

Akainua viganja. Vilikuwa vimelowa. Vilikuwa vinanuka sabuni mpaka pale niliposimama.

"Haya," akasema mama yake.

Nilisimama na kiatu mkononi. Hukunawa mikono? Jo. Naye amenawa. Amenawa! Hutaki kubadilisha kocha? Jo, jo. Na meza nikaipiga.

"Babirye," nikasema. "Hiyo 'jo' maana yake nini?"

Mtoto akanionea huruma. Alinijibu kwa Kiswidi, polepole, kama ninavyojibiwa na kila mtu nchi hii. "Ukiulizwa hukufanya, na wewe umefanya, unasema jo. Maana yake, unakosea, nimefanya."

Lo! Kumbe ile "jo" ya kila kitu ni ya mzee wangu na watu wa kwao kaskazini tu. Nikaegemea makoti ya watu.

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, maneno yanapandana: mzee wa kaskazini, karai, ndiyo ya wanaume, mama yangu Musoma na hujala. Niliapa. Nilivua ile filimbi ikanikwama kwenye sikio lilelile. Mama Eseza alinisikiliza mikono kiunoni, uso wa jiwe, mpaka nilipofika pale pa kumkonyeza mumewe. Pale mdomo wake ukaanza kutetemeka. Akaguna. Akashika ukuta. Akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, kanga mdomoni, machozi yanamtoka.

"Alimkonyeza! Salongo, umesikia? Alikukonyeza! Maskini ya Mungu, hajui kitu! Mtoto hajui kitu kabisa!"

Mapacha nao wakacheka kwa kuwa mama yao anacheka. Na mimi nikaanza kucheka. Nilisema moyoni, yamekwisha, kesho asubuhi nakwenda kwa Mama Gunvor na mtu anayejua lugha, tunalirudisha neno hili lilikotoka.

Salongo hakucheka. Aliikamua jezi aliyokuwa nayo, akaitundika kwenye kiti, akageuka. Mikono ilikuwa inamchuruzika maji kwenye suruali ya suti.

"Basi," akasema. "Kosa la lugha. Mimi nimekubali."

"Asante, Kocha. Mungu anajua..."

"Ngoja. Kiswidi tumemaliza, weka pembeni. Sasa nakuuliza kwa Kiswahili, tena Kiswahili kidogo, cha askari, usije ukapotea. Roho yako ilitaka nini? Nibaki? Au niende?"

Kicheko cha Mama Eseza kikakatika.

Nikaona uji kwenye mstari wa goli. Nikaona yule mchungaji na leso yake. Swali lilikuwa rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa nchi hii, nami nikalizunguka kama wale walivyolizunguka mezani.

"Kocha, wewe ni kama mzazi wangu. Nilitaka ubaki. Hapa nyumbani..."

"Sikuuliza nyumbani. Nauliza uwanjani."

Aliyasema bila hasira. Alikuwa ananitazama usoni kama alivyowatazama waganga wa kwao, nadhani, siku anaambiwa goti lake halitarudi. Ningeweza kudanganya. Mama Eseza alikuwa ananitazama kutoka sakafuni, anatikisa kichwa kidogo sana, ananiomba nidanganye. Nilikuwa nimemwapia.

Lakini midomo ya wale watu na mikate yao ya mdalasini ilinijia yote kwa pamoja, na lakini zao, na nikaona mdomo wangu uko katikati yao unatafuna. Nilijichukia kiasi cha kutaka kutema.

"Uende, Kocha," nikasema. "Uwanjani, roho yangu ilitaka uende. Tangu siku ile ya wachungaji."

Mama Eseza akafunika uso kwa kanga.

Salongo akatikisa kichwa juu na chini, juu na chini, kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuuinua. Akalipitia kwa macho kochi langu, blanketi langu lililokunjwa, sanduku langu chini ya dirisha. Akajifuta mikono kwenye taulo, kidole kwa kidole.

Nakato, yule mdogo, asiyesema sana, akamshika baba yake suruali. Akamuuliza kwa Kiswidi, "Baba, Josiah hatakaa na sisi tena?"

Sote tukamtazama Salongo. Nilikuwa tayari. Safari hii nililijua somo langu: akisema "nej", nimekwisha, na akisema "jo", nimepona. Nilimtazama midomo. Sijawahi kulingojea neno namna ile, neno lililoniponza siku hiyohiyo, sasa nalililia kama mtoto analilia titi.

Salongo akamwekea mtoto mkono kichwani.

"Ndiyo," akamjibu. Kwa Kiswahili.

Akaingia chumbani akafunga mlango.

Ndiyo, hatakaa? Au ndiyo, atakaa? Nikamgeukia Mama Eseza. Naye alikuwa anautazama mlango ule, hajui. Nikamgeukia Nakato. Mtoto alikuwa anatutazama sisi.

Nikabaki pale penye makoti, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, sijui nikivae au nivue na hiki cha pili.